Kopo la Vifungo

Watu huniuliza ninapata nini kwa kufundisha dini shuleni bila mshahara, tena mimi mwenye cherehani isiyokosa kazi. Huwa nawajibu kwa sauti ya unyenyekevu kwamba thawabu yangu iko mbinguni. Uongo mtupu. Thawabu yangu nilikuwa naichukua hapahapa duniani, kila Alhamisi, na sikuwa nabakiza hata punje.

Kuna kiti katika ofisi ya walimu, cha tatu kutoka mlangoni, chenye mto mdogo niliokishonea mwenyewe, ambacho hakuna mwalimu wa kuajiriwa anayethubutu kukikalia nikiwepo. Kuna kikombe changu chenye mkono wa buluu. Kuna vijana wenye ndevu wanaoshuka kwenye baiskeli ili wanisalimu, "Shikamoo, mwalimu," mbele za watu. Mmoja wao, dereva wa lori, aliwahi kusimamisha lori zima katikati ya barabara, magari yakampigia honi nyuma, ili tu anikaririe mstari niliomfundisha akiwa darasa la sita. Aliukariri sawasawa, na kitabu na sura. Wiki nzima nilitembea shingo imenyooka kama nimemeza rula.

Neno lenyewe ndilo nililolipenda: mwalimu. Nilipokuwa msichana nilichaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Sanduku langu lilikuwa limeshafungwa, limewekwa karibu na mlango. Baba akaugua, akafariki asubuhi ileile niliyotakiwa kusafiri, na baada ya mazishi hakuna aliyelitaja tena lile sanduku. Mama akanipeleka kwa fundi nikajifunza kupima viuno na kukunja pindo, na mpaka leo hakuna sare katika shule ile ambayo haikupita chini ya sindano yangu. Watu wakaniita fundi. Ni jina zuri, sina ugomvi nalo. Lakini mchungaji aliposimama kanisani akasema shule inaomba mtu wa kujitolea kufundisha kipindi cha dini, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafika mwisho wa sentensi. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita.

Nilifanya kazi safi. Kila wiki nilikata kadi za karatasi ngumu, nikaandika mstari mmoja wa Biblia kwa mkono wangu, kadi moja kwa kila mtoto. Wiki inayofuata mtoto anasimama, anataja kitabu, sura na mstari, anakariri, kisha anataja tena kitabu, sura na mstari. Asipokosea, nambandikia nyota nyekundu kwenye kadi. Akikosea neno moja, anakaa. Darasani mwangu hata nzi waliruka kwa adabu.

Halafu akaja wifi.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Tunakaa ua mmoja, chumba changu cha kushonea mbele na nyumba yao nyuma. Ni msusi. Kutwa nzima yuko barazani kwake na kichwa cha mtu katikati ya magoti, anasuka na kusikiliza, kwa maana wanawake wakisukwa huwa wanasema yote. Shule aliiacha mapema, na mpaka leo akisoma hufuata mstari kwa kidole huku midomo ikicheza. Watoto walipozidi shuleni, mwalimu mkuu aliomba mtu wa pili wa kujitolea, mchungaji akatangaza, na aliyeinua mkono ni yeye. Nilidhani anajikuna.

"Wifi," nilimwambia tulipofika nyumbani, "unajua kwamba watoto huwa wanauliza?"

"Ndiyo maana nataka kwenda. Hata mimi nina ya kuuliza."

"Wewe ndiye utakuwa mwalimu. Mwalimu anajibu."

"Basi nitakuwa nakuuliza wewe, halafu najibu."

Nilikubali. Nilikubali kwa sababu nilijua atashindwa, na siku hiyo ikifika nilitaka niwe karibu nione. Nikampa sharti moja. "Huko shuleni usinitaje. Usimwambie mtu kwamba mimi ndiye ninayekufundisha. Ukikosea, kosa liwe lako, sitaki kuchekwa ofisini."

"Sawa, wifi," akasema, wala hakuonyesha kuumia. Kisha akaniomba kitu cha kuwekea vikaratasi. Nikamtupia kopo tupu la vifungo, limebonyea ubavuni, ambalo nilikuwa nalipeleka jalalani.

Mimi nilikuwa na darasa la sita, yeye akapewa la tano. Vyumba vyetu vimegawanywa na ukuta wa mbao usiofika kwenye paa, kwa hiyo ya kwake nilikuwa nayasikia hata nisipotaka. Wiki ya kwanza nilisikia kimya, nikaridhika. Wiki ya tatu nilisikia kicheko, watoto arobaini kwa mara moja, na sauti yake ikiwa ndani ya kicheko hicho. Watoto wangu wakainua vichwa kutoka kwenye kadi zao. Niligonga meza kwa rula. Kufika mwezi wa pili, kengele ikilia watoto wa kwangu walikuwa wanatoka mbio kama moto umeshika, na wa kwake hawatoki. Wakamwita Mwalimu Kopo. Mimi, nilikuja kujua baadaye, naitwa Kadi. Kadi tu, bila hata mwalimu mbele yake.

Nilimwonea wivu. Nauandika wazi kwa sababu wakati ule nilikuwa nikiuita kwa majina mengine: kujali nidhamu, kuhofia mafundisho yasije yakapotoshwa, hata kuumwa kichwa. Ulikuwa wivu. Jumamosi watoto wa shule walikuwa wakipita mbele ya cherehani yangu, wananitupia salamu ya haraka, kisha wanazunguka nyuma barazani kwa wifi na kuketi hapo wakimtazama akisuka. Nilijitia hamnazo, lakini mguu wangu kwenye pedeli ulikuwa ukienda kasi kuliko ilivyohitajika, na wiki ile niliharibu makwapa ya mashati mawili.

Siku moja alikuja mama mmoja mgeni mtaani kupimwa sketi. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake na pini mdomoni. Akanitazama kwa upole kutoka juu.

"Samahani, dada. Wewe ndiye wifi yake yule mwalimu wa dini?"

Nusura nimeze pini. Miaka kumi na tisa, leo mimi ni wifi yake.

Kilichokuwa kikinishikilia ni zile Jumamosi jioni. Wifi akimaliza vichwa vyake alikuja chumbani kwangu, anaketi kwenye kiti kifupi karibu na meza ya pasi, anatoa vikaratasi mfukoni na kuniuliza. Nilidhani maswali ni yake mwenyewe. Nilikuwa nayajibu nikiwa nashona, bila kumtazama, na nilikuwa nafurahi kuliko alivyojua. Kwanza nilijisikia mkubwa. Pili, maswali yenyewe hayakuwa ya kawaida.

"Wifi, wale walioachwa nje ya safina, mvua ilipozidi, waligonga mlango?"

Nilisimamisha cherehani. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeliwaza tangu utotoni.

"Waligonga," nikasema. "Na Nuhu aliwasikia. Walikuwa majirani zake, alizijua sauti zao moja moja. Lakini si yeye aliyeufunga ule mlango, Mungu ndiye aliyeufunga, na yeye hakuwa na uwezo wa kuufungua. Mimi nadhani zile sauti alizisikia mpaka anakufa. Unakumbuka alichofanya maji yalipokauka? Alipanda mizabibu, akalewa mpaka akalala uchi. Watu humcheka." Nikasita kidogo. "Mimi simcheki."

"Mimi simcheki," wifi akarudia polepole. Akakunja karatasi akaitia mfukoni.

Maskini, nikawaza, kichwa chake kizito, anauliza mambo kama mtoto. Nikawaza pia kwamba wacheke wanavyotaka huko shuleni, mwalimu bado ni mimi.

Ndipo mwalimu mkuu alipotuita. Ni mwanamume mpole, na akiwa na jambo zito la kusema huanza kutafuta miwani yake.

"Muhula ujao ratiba inabadilika," alisema akipapasa mezani. "Darasa la tano na la sita watasoma dini pamoja, ukumbini, kipindi kimoja. Tutahitaji mwalimu mmoja tu wa kujitolea."

"Na wa pili?" niliuliza.

"Wa pili tutamshukuru." Akaipata miwani, ilikuwa kichwani. "Nyinyi ni ndugu, mtaelewana. Mkishindwa, tutawauliza watoto."

"Hakuna haja ya kuwauliza watoto," nikasema upesi mno.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani wifi aliniambia, "Wewe ndiye mkubwa, na wewe ndiye ulianza. Hilo darasa lichukue wewe." Alilitoa jepesi, kama mtu anavyomsogezea mgeni kiti, na hapo ndipo damu ilinichemka hasa. Sikutaka kuachiwa. Kiti cha kuachiwa na wifi yangu ningekikaliaje, na kikombe changu ningekishikaje? Nilitaka watoto wanitake mimi. Nikamwambia mwalimu mkuu aje mwenyewe Alhamisi ya mwisho wa mwezi, akae nyuma ndani ya madarasa yetu, kisha aamue. Alikubali, na kwa wiki tatu zilizobaki sikulala usingizi wa maana.

Alhamisi iliyofuata kengele ilipolia, watoto wangu wakatoka kwa mbio zao za kila siku. Kwa kawaida na mimi nilikuwa naondoka hapohapo kuwahi chai yangu ofisini. Siku hiyo bunda la kadi lilinidondoka, nikainama kuziokota chini ya madawati. Nikiwa chini hivyo nikaona kupitia dirishani kwamba watoto wangu hawakuwa wamekwenda kucheza. Walikuwa wamening'inia kwenye madirisha ya darasa la wifi, wamejipanga kwenye vizingiti. Kumi na mmoja. Niliwahesabu.

Nikasikia kopo likitikiswa.

"Wiki iliyopita," ilisema sauti ya wifi upande wa pili wa mbao, "kuna aliyeuliza kama watu waligonga mlango wa safina. Mimi sikujua. Nikaenda nikauliza." Kisha akaanza. Majirani, sauti moja moja, mlango ambao si yeye aliyeufunga. Mizabibu. Aliyasema yote kama nilivyoyasema, hata akasita pale niliposita. "Watu humcheka. Mimi simcheki."

Hakuna mtoto aliyecheka. Nilisikia mmoja akishusha pumzi.

"Mwalimu, huyo unayemwuliza ni nani?"

"Ni mwalimu wangu."

"Anaitwa nani?"

"Amenikataza kumtaja."

"Basi mwambie tunamsalimu."

Mtu mwema angefurahi. Mimi nilibaki nimechuchumaa chini ya dawati na kadi mkononi, roho inaniuma kama niliyeibiwa kitambaa cha harusi. Maneno yangu yalikuwa yanapendwa, na mimi sikuwemo. Nikatazama ubao wangu wenye mstari wa wiki, herufi zimenyooka, na likanijia wazo kwamba kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kumwambia mtoto yeyote kwamba Nuhu alisikia wakigonga. Nilikuja kumwambia wifi nikiwa nakunja pindo, nikidhani ninapoteza tu muda. Wazo hilo nikalifukuza. Ilikuwa rahisi zaidi kumwita mwizi.

Jumamosi alikuja kama kawaida, na kikaratasi kimoja tu. Alikisoma kwa kidole.

"Mtu akimwombea mgonjwa, halafu mgonjwa akafa, ni kwamba hakuomba vizuri?"

Kama kuna swali moja duniani ambalo nalijua, ni hilo. Nililijua kabla hajalimaliza. Niliona kitanda cha baba, nikaliona sanduku karibu na mlango.

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Sijui."

"Wewe, wifi?"

"Mimi ni nani hata nijue kila kitu? Kamwulize mchungaji."

"Mchungaji amesafiri."

"Basi waambie hujui."

Hapo nilijisaliti, kwa maana nilisema "waambie," wakati sikutakiwa kujua kwamba wapo wanaosubiri. Wifi alinitazama usoni kwa muda, akaelewa. Alikunja kile kikaratasi mara mbili, akaniaga, akatoka. Nami nikashona pindo nne zilizonyooka kama uzi, na nikajisikia vizuri. Nasema kweli, nilijisikia vizuri mpaka Jumapili mchana.

Alhamisi ya pili nilibaki darasani kwa makusudi, nimekaa kitako, nikisubiri aaibike.

"Leo lilikuwepo swali moja," wifi akasema kule upande wa pili. "Nimekwenda kuuliza. Mwalimu wangu amesema hajui."

Nilingoja minong'ono na vicheko. Kilichokuja ni kimya, kisha miguu ikitoka taratibu. Watoto wangu wakashuka madirishani. Mmoja hakushuka. Alikuwa msichana mrefu wa darasa langu, anayekaa dawati la pili karibu na ukuta, mtoto ambaye hakuwahi kukosea mstari hata mara moja. Alibaki ameshika nondo za dirisha mpaka wenzake wote walipoondoka, kisha akaziachia akaenda zake peke yake, upande ambao hakuna anayecheza.

Jumamosi wifi hakuuliza kitu. Aliingia, akaweka mezani kile kikaratasi alichokunja mara mbili, kumbe ni kadi, juu ya shati nililokuwa nalipiga pasi.

"Aliyeuliza ni wa darasa lako," alisema. "Nilimwuliza kwa nini hakukuuliza wewe. Akasema kwako hakuna mahali pa kuuliza. Kwako ni kukariri tu."

Niliichukua ile kadi. Upande mmoja kulikuwa na swali, kwa mwandiko mdogo wa penseli. Nikaigeuza. Upande wa pili ulikuwa mwandiko wangu mwenyewe, ule mstari wa kuomba na kupewa, na chini yake nyota nyekundu.

Nikakumbuka vizuri. Yule msichana alikuwa amekosa wiki mbili kwa sababu ya kumzika mama yake. Siku aliyorudi nilimpa kadi ya wiki hiyo kama wenzake. Alhamisi iliyofuata alisimama, akataja kitabu, sura na mstari, akakariri kwamba atakayeomba atapewa, akataja tena kitabu, sura na mstari. Hakukosea hata neno. Niliona macho yake ni mekundu, nikadhani ni usingizi. Nikambandikia nyota.

"Mimi ningemjibu, lakini sijui," wifi akasema. "Na kama wewe hujui kweli, hakuna neno, nitamwambia tena hivyohivyo." Hakupandisha sauti. Nilitamani anitukane, ningekuwa na cha kumjibu. Akatoka akaniachia harufu ya shati linaloungua, maana pasi nilikuwa nimeisahau.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi mwalimu mkuu aliingia darasani kwangu na kuketi dawati la nyuma, magoti yakimfika kidevuni. Nilikuwa nimejiandaa ipasavyo. Nilikuwa na chati mpya ya rangi, na kadi zilizokatwa pembeni kwa mkasi wa meno, nzuri kuliko zote nilizowahi kukata. Watoto wakasimama, wakasalimu, wakakaa. Msichana wa dawati la pili alikuwa ameshaweka mikono mezani, tayari kukariri.

Nikazirudisha kadi mfukoni.

"Kuna mtu aliuliza," nikasema, kisha ikabidi nianze upya. "Kuna mtu aliuliza kama mgonjwa akifa ni kwa sababu aliyemwombea hakuomba vizuri. Akajibiwa kwamba haijulikani. Aliyejibu hivyo alidanganya, na aliyejibu hivyo ni mimi."

Yule msichana hakugeuza uso, lakini vidole vyake vilikunjika.

"Mimi nilimwombea baba yangu siku ishirini na sita. Niliomba kwa magoti, niliomba nikifua, niliomba nikiwa nimebeba maji. Niliomba kwa maneno yangu na kwa maneno ya kukariri. Sijawahi kuomba vizuri vile, kabla wala baada. Akafa. Kwa hiyo hilo nalijua, si kwamba uliomba vibaya. Yesu mwenyewe, usiku wa kabla ya kufa, aliomba kikombe kile kimwondokee, na hakikumwondokea. Nani atasema yeye hakujua kuomba?" Nikasita. "Kwa nini basi baba alikufa, hapo ndipo sijui. Sijui mpaka leo. Nikikutana na mtu anayesema anajua, huwa nabadilisha njia."

Kulikuwa kimya, ila si kile cha nzi wenye adabu. Nyuma huko, karibu na mwalimu mkuu, mtoto mmoja alimnong'oneza mwenzake, nami nikasikia.

"Ndiye huyu. Ndiye yule wa kwenye kopo."

Hapo moyo uliniruka, siwezi kuuficha. Nikauona ushindi wangu umekaa mbele yangu kwenye madawati arobaini. Kengele ilipolia hawakutoka mbio. Msichana wa dawati la pili alisimama, akaja upande wangu, macho yamejaa maji, nami nikaweka chaki chini ili mikono iwe mitupu.

Akanipita. Alisema, "Asante, mwalimu," akiwa tayari mlangoni, kisha nikasikia miguu yake ikizunguka ukuta wa mbao, na sauti yake upande wa pili: "Mwalimu, nimejibiwa." Nilisogea dirishani nikaona. Alikuwa amemkumbatia wifi kiunoni, analia sasa kweli, na wifi, kopo likiwa mkono mmoja, alikuwa amemwekea mkono mwingine kichwani, vidole vimezama katikati ya nywele kama msusi anavyoanza kazi. Alikuwa amesimama tu pale akishikwa.

Wivu ulinirudia upya, mkali kuliko wa mwanzo, kwa sababu safari hii sikuwa na wa kumwita mwizi.

Mwalimu mkuu akajikwamua kutoka kwenye dawati. "Kumbe una mambo, mwalimu," alisema, akitafuta miwani. "Sina haja ya kwenda kwa mwenzako. Darasa la ukumbini ni lako ukilitaka."

Nililitaka. Nililitaka kama nilivyolitaka lile sanduku. Nikatazama tena nje.

"Mpe wifi," nikasema.

"Una hakika?"

"Majibu anajua pa kuyapata. Mimi nipe darasa la tatu. Wale bado hawajajifunza kunyamaza." Wala sikusema kwa wema. Nilisema kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu mtoto akijibiwa huku na kukimbilia kule, na ukumbini hakutakuwa na ukuta wa mbao wa kuzunguka kumfikia wifi.

Jumamosi wifi alikuja na kopo lenyewe. Aliliweka kwenye meza ya pasi, akafungua, akaanza kusoma kwa kidole, kimoja baada ya kingine, nami nikajibu huku nikishona, kwa sauti ya juu kidogo kuliko zamani. Cha mwisho kilikuwa cha penseli, mwandiko mdogo.

"Huyu anasema hivi," wifi akasema. "Mwalimu, baba yako alipofariki, wewe ulimkimbilia nani?"

Uzi ukakatika. Niliutafutia tundu la sindano mara tatu nisilipate. Nikamwonea wivu mtoto wa miaka kumi na miwili, na ule ndio uliokuwa wivu wenyewe, mwingine wote ulikuwa vitoto vyake.

"Hakuna," nikasema. "Nilifungua sanduku, nikatoa nguo zangu, nikazirudisha kabatini. Watu walikuwa na mazishi, nani angenitazama?"

"Nimwandikie hivyo?"

"Mwandikie."

Wifi hakuandika. Alifunika kopo, akasogeza kile kiti kifupi mpaka kikagusa mguu wa cherehani, akaniuliza lile sanduku nilikuwa nimeweka nini ndani.

Nikaanza kumtajia.